Somo: Kuomba uzamili wa sayansi ya kompyuta ukiwa na GPA ndogo

Rasimu nyingi za maombi nilizosoma zina kosa moja: mwombaji anatumia nusu ukurasa kuomba radhi kwa alama zake. Radhi haimshawishi mtu. Kinachoshawishi ni ushahidi mpya.

Hatua ya 1. Soma transkripti yako (rekodi rasmi ya alama za chuo) kama mgeni. GPA (wastani wa alama, hapa kwa kipimo cha 4.0) ya 2.7 iliyoanza chini ikapanda si sawa na 2.7 iliyoanza juu ikaporomoka. Angalia hasa hisabati, miundo ya data, algoriti na mifumo endeshi.

Hatua ya 2. Ziba pengo palepale lilipo. Kama ulipata D ya algoriti, cheti cha kutengeneza tovuti hakitakuokoa. Soma algoriti tena mahali panapotoa alama rasmi, hata somo moja kwa muhula. Kuna pia mlango wa pembeni: uzamili wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, hauombi transkripti. Unafaulu kozi za utangulizi kwa wastani usiopungua 3.0, umeingia.

Hatua ya 3. Tafuta mashahidi. Hapa ndipo wengi wanapoteza nafasi. Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu, na ya profesa maarufu asiyekukumbuka ni karatasi tupu. Mfuate mhadhiri anayefanya utafiti, jitolee kazi isiyopendwa: kusafisha data, kurudia majaribio, kurekebisha programu iliyoharibika. Baada ya miezi sita ataweza kuandika alichokiona kwa macho yake.

Hatua ya 4. Katika barua ya malengo, alama zipewe sentensi mbili: kilichotokea, na kilichobadilika. Basi. Kurasa zilizobaki ni za kazi yako.

Hatua ya 5. Vyuo vingi vya Marekani huweka 3.0 kama kima cha chini. Kabla ya kulipa ada ya maombi, iulize idara kama hulegeza sharti hilo.

MASWALI

Mwalimu, nina 2.4 na miaka mitano kazini. Kazi inahesabika?
Inahesabika ikielezwa. "Nilifanya kazi kwenye mfumo wa malipo" haitoshi. Sema ulikuta tatizo gani, ukalitatuaje. Bosi wako aandike barua moja, si zote tatu.

Naweza kuficha chuo nilichoacha mwaka wa pili?
Hapana, ndugu yangu. Vyuo vingi hudai transkripti za kila chuo ulichosoma, na ikigundulika unaweza kufutiwa nafasi hata ukiwa umeshaanza masomo.

Nifanye GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili?
Idara nyingi zimeiondoa. Pale ilipobaki ya hiari, ipeleke tu kama alama ya hesabu ni ya juu.

Vipi nikiomba uzamivu (PhD) moja kwa moja?
Marekani inawezekana bila uzamili. Ulaya kwa kawaida wanautaka kwanza. Kwa hali yako ningeanza na uzamili wenye tasnifu: unapata alama mpya na msimamizi wa kukuandikia barua.