Pool, snooker ama billiards: lipi utumie wapi ukiandika Kizungu

Hapa Kondele, Kisumu, ukisema unaenda pool hakuna anayeuliza, unatoa mbao yako (shilingi ishirini) unashika stiki. Shida ni ukianza kuandika Kizungu, watu wanachanganya haya majina matatu vibaya sana.

Billiards tuimalize haraka. Kwa Mmarekani ni jina la michezo yote ya stiki, hata pool iko ndani, lakini kwa Mwingereza ni mchezo wake kivyake wa boli tatu. Hiyo s ya mwisho usiitoe ovyo, inatoka tu neno likitangulia jina lingine, kama billiard table, na ukiunda sentensi ni billiards is, si are. Pool nayo usiiongezee s, the pools kwa Waingereza ni kamari ya mechi za futbol, utaonekana unabet.

Sasa snooker. Kama ni mchezo (ule wa meza kubwa ya futi 12, boli nyekundu 15, za rangi 6 na nyeupe) andika play snooker, bila the. Ukiweka a mbele, a snooker, hapo unaongea juu ya kufungiwa njia. Neno hili hutumika hata kwenye pool. Mfano mnacheza pool, umebakisha black, jamaa bado ana red mbili kule mwisho wa meza, na black haiingii popote, basi unaigusa polepole tu, nyeupe inasimama nyuma yake imeilalia, jamaa anainama, anazunguka meza, anapaka chaki mara ya pili na bado haoni red hata moja. Hapo unasema I snookered him behind the black, na yeye atasema I'm snookered. Itabidi apige kushoni (ukingo wa meza) kwanza, na akikosa ni faulo, meza nyingi unapata shoti mbili.

Nje ya meza ndio watu huteleza. Mwingereza akisema we're snookered anamaanisha amekwama, hana pa kutokea, lakini Mmarekani akisema I got snookered mara nyingi ametapeliwa, kwa hivyo angalia nani anaongea kabla umpe pole. Hata kutamka wanatofautiana, Mwingereza anavuta snuu, Mmarekani anakata fupi kama kwa book.

Na ukisikia snooker ni jina la jenerali fulani, hapana, lilikuwa la kumcheka kuruta mgeni jeshini, maafisa wa Uingereza wakalibandika mchezo huko Jabalpur, India, 1875.