Fumbo moja, lugha tatu: mazoezi ya programu kutoka kibandani Nkuhungu

Mbukwenyi. Nina kibanda cha steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma. Mchana natoa kopi na kuchapa barua za watu. Jioni wateja wakipungua, nafungua kaunta buku, tunakaa na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, tunafumbua mafumbo ya programu. Vijana wanaopita hapa huniuliza waanze na lugha gani ya programu. Shika yoyote uliyo nayo karibu, ila fumbo ukishalipata usilikimbie. Liandike tena kwa lugha ya pili, halafu ya tatu. Lugha ya pili ndiyo inayokuonyesha jambo ulilokuwa unaliamini bila kulijua.

Chukua fumbo hili tuliloanza nalo. Programu ipokee saa ya kimataifa, 0 hadi 23, itoe saa ya Kiswahili. Ukiipa 8 itoe mbili, ukiipa 20 itoe mbili, ukiipa 3 itoe tisa.

Kompyuta iache kwanza. Piga mstari katikati ya ukurasa, andika saa zote 24 kushoto na majibu kulia. Inachosha, lakini fanya. Kabla hujafika nusu utakuwa umeshaona kanuni: unatoa 6, unagawanya kwa 12, unachukua baki. Utaona pia penye shida. Saa 6 na saa 18 zinatoa sufuri, na hakuna mtu anayesema saa sufuri asubuhi; ni saa kumi na mbili. Hiyo mistari miwili izungushie duara, utaihitaji wakati wa kupima.

Kwa Python tuliandika `(saa - 6) % 12`, alama `%` ikiwa ndiyo ya kutafuta baki, na jibu likiwa 0 liwe 12. Tukapima zote 24, zote sawa na daftari. Mpwa wangu akataka tuhamie fumbo jingine. Nikamwambia aandike kwa C. Akaandika hesabu ileile, hakubadilisha hata alama moja. Tulipoipa 3, akageuka: "Mjomba, hii inasema saa hasi tatu."

Hapo ndipo pa kukaa na kalamu. Kutoa 6 kwenye 3 kunaacha -3, na lugha hazikubaliani baki ya namba hasi ni ipi. C ikigawanya -3 kwa 12 inakata kuelekea sufuri: jibu 0, kwa hiyo baki ni -3. Python inashuka hadi namba nzima iliyo chini: jibu -1, na -1 mara 12 ni -12, kutoka -12 hadi -3 ni hatua 9, basi baki ni 9. Go na JavaScript ziko upande wa C. Lua iko upande wa Python. Haskell inakupa zote mbili, `mod` ikitoa 9 na `rem` ikitoa -3, na inakulazimu uchague. Naipenda Haskell kwa sababu hiyo.

Unaweza kutibu kwa kuongeza 12 kwanza kabla ya kutafuta baki. Sisi tulirudi kwenye daftari, tukachora uso wa saa. Kurudi nyuma saa sita na kwenda mbele saa sita kunakufikisha mahali pamoja. Basi andika `(saa + 6) % 12`. Namba hasi haitokei tena, na hesabu hiyo, 0 ikiendelea kuwa 12, inatoa jibu sahihi katika lugha zote nilizotaja; kwa Haskell tu weka `mod` badala ya `%`. Tungeishia Python tusingeutafuta kamwe.

Mitego mingine utakutana nayo ukihamisha mafumbo namna hii. Panga uzito wa kreti za zabibu, kilo 9, 10 na 25, kwa `sort()`, amri ya kupanga ya JavaScript, bila kuielekeza ipange vipi: utapata 10, 25, 9, kwa sababu inazipanga kama maneno. Kwa C, `int`, aina ya kawaida ya namba nzima, huishia 2147483647. Shilingi yetu ina sufuri nyingi. Bilioni tatu haiingii humo, tumia `long long`, aina iliyo kubwa zaidi. Python haina kikomo hicho.

Kukosa laptopu kusikuzuie. Simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, inatosha: `pkg install python`, kisha `pkg install clang` kwa ajili ya C. Pakua siku yenye bando, baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti.

Mafumbo yenyewe yapo bure. Project Euler, tovuti ya mafumbo ya hesabu, wanataka jibu tu, hawajali lugha. La kwanza lao ni kujumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au 5. Jibu ni 233168, nalitaja kwa kuwa ni zuri la kujaribia lugha mpya. Kila Desemba tangu 2015 kuna Advent of Code, mfululizo wa mafumbo ya programu wa Eric Wastl, na fumbo la siku hufunguliwa saa sita usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu ni saa mbili kamili asubuhi, wakati nafungua kibanda.

Masuluhisho ya wengine yasome ukishamaliza lako, na anza na yale ya lugha usiyoijua.

La kuanzia leo jioni ni hili. Kwenye bao upande wako una mashimo 16. Yape namba 1 hadi 16 kwa mzunguko. Umechota kete 7 shimo la 3, unazisambaza ukirudi nyuma: ya mwisho inaangukia shimo gani? Hesabu kwa kidole kwanza, ni la 12. Kisha andika kwa Lua, ambayo orodha zake zinaanzia 1, halafu uhamishe kwa C, ambako zinaanzia 0, uone kete yako inaangukia wapi.