Risasi zako zinalala wapi?

Vijana wakishajua kwamba nilikuwa mtunza ghala la silaha katika kampuni ya uwindaji hapa Arusha, swali huwa lile lile: "Mzee, siwezi kujaza maganda ya risasi mwenyewe nyumbani?" Wameona video za Wamarekani. Mtu ana mashine ya mkono juu ya meza, anatoa fataki (kiwashio cha risasi) iliyokwisha, anaweka mpya, anapima baruti, anashindilia kichwa, kazi imekwisha. Kwao ni halali. Kwetu kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo ni kosa kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo mazungumzo hayo huwa mafupi.

Kazi iliyo halali, na ambayo wenye leseni wengi hawaijui, ni kuzitunza risasi ulizonunua ili siku ukizihitaji ziwake. Nimekaribishwa Njiro na Usa River kwenye nyumba nzuri, nikaonyeshwa raifo inayong'aa ndani ya sefu. Ukiuliza risasi ziko wapi, mwenye nyumba anavuta droo: zimo humo pamoja na spana, betri za tochi na chupa ya mafuta iliyolala ubavu. Bunduki ikishika kutu unaiona kwa macho. Risasi ikiharibika hujui mpaka uvute kifyatulio.

Anza kwa kuielewa. Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki (kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha ganda), baruti ndani, na kichwa mbele. Ya shotigani badala ya kichwa ina marisau, vile vipira vidogo vingi vya chuma au madini. Fataki ndiyo dhaifu kuliko vyote, na adui yake mkubwa hukaa sefu moja nayo: mafuta. Yale ya kopo la kupuliza, ambayo mafundi hulegezea nati zilizoshika kutu, yametengenezwa makusudi yapenye penye nafasi ndogo, na pembeni ya fataki nafasi ipo. Yakiingia, unaweza kupata risasi isiyolia kabisa. Kwa hiyo risasi haipakwi mafuta. Ishike kwa mikono mikavu, ifute kwa kitambaa cha pamba kisicho na kitu. Fulana ya mtumba kutoka soko la Kilombero inakatika vipande vya miezi. Na kabla ya kupiga, kausha pia chemba ya bunduki, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Ganda likiwa na utelezi wa mafuta halishiki ukuta wa chemba, na nguvu kubwa zaidi inarudi kwenye komeo, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, karibu na uso wako.

Adui wa pili ni unyevu, na hapa watu wa mlimani wana shida kuliko sisi. Marangu au Machame wakati wa masika ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Usiweke risasi sakafuni kwenye saruji wala kwenye stoo inayovuja. Tafuta sanduku la plastiki gumu lenye mpira kwenye mfuniko, weka ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usivitupe vikishajaa maji. Vitoe mbali na risasi, vianike kwenye jua kali la mchana kutwa, kisha virudishe. Risasi zibaki kwenye boksi zake za dukani. Juu ya boksi andika kwa kalamu mwezi na mwaka uliponunua, na utumie za zamani kwanza.

Boksi lina faida nyingine kwa wenye shotigani. Namba ya shotigani huonyesha upana wa mtutu, na ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba: risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikichanganyika ukaitia kwenye mtutu wa 12, inateleza inapita chemba na kukwama mbele. Mtu anatazama, anaona pako wazi, anatia ya 12 nyuma yake na kupiga. Mtutu hupasuka, na mkono wa kushoto uko hapohapo. Ndiyo maana viwanda hupaka risasi za namba 20 rangi ya njano. Mwenye bunduki mbili za namba tofauti awe na masanduku mawili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nikilisema Uchaggani watu hucheka kwanza. Usihifadhi risasi karibu na zizi. Waingereza walipotawala India walikuta maganda ya risasi zao yanapasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa. Zilikuwa zimewekwa kwenye mazizi ya farasi. Ilieleweka wazi mwaka 1921: hewa ya amonia kutoka kwenye mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu, inaila ile shaba ya njano ya ganda mahali palipobanwa. Shemeji yangu ana ng'ombe wa kulishwa ndani, ukuta mmoja na stoo, na stoo hiyo ndiyo iliyokuwa na mfuko wa mbolea na risasi za shotigani. Tulizihamishia chumbani, kwenye kasha la chuma lenye kufuli, siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo pia usisugue ganda kwa dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia, na dawa ya kusafishia mtutu, ile inayonuka mpaka machozi yanatoka, isikae sanduku moja na risasi.

Ngozi nayo. Mkanda wa risasi unapendeza kiunoni, lakini asidi iliyobaki kwenye ngozi hutoa ukungu wa kijani kwenye ganda. Mkanda ni wa mchana porini; jioni risasi zirudi kwenye boksi. Kijani kidogo kinafutika kwa kitambaa kikavu. Kikiwa kimeacha vishimo kwenye ganda, hiyo iweke kando. Msasa hapana, brashi ya waya hapana.

Joto. Land Cruiser iliyoegeshwa juani njia ya Namanga, dashibodi yake haishikiki. Baruti iliyopata moto huungua kwa kasi zaidi na shinikizo linapanda. Wazee wa bunduki walilijua hili mapema: baruti ya Waingereza ya kodaiti, iliyoanza 1889, ilikuwa inabadilika sana kwenye nchi za joto, ndiyo maana risasi za zamani za kupigia nyati na tembo zina maganda makubwa yenye nafasi tele, shinikizo lisizidi. Hata .375 H&H (risasi ya raifo ya kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza) ya mwaka 1912, ambayo kila mwindaji wa Arusha anaijua, ganda lake limechongoka taratibu ili litoke kirahisi kwenye chemba hata jua likiwaka. Baruti za leo ni bora, lakini risasi bado ziwekwe kivulini, chini ya kiti, ndani ya sanduku.

Wenye bastola, hasa nyie wa biashara ya madini, mna tabia moja. Asubuhi mnaingiza risasi kwenye chemba, usiku mnaitoa, kesho ileile inarudi juu ya magazini na kuingizwa tena. Kila inapogonga njia ya kuingilia, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo. Baruti inabanwa, na shinikizo likipanda kwenye bastola ndogo halina pa kwenda. Isimamishe mezani kando ya mpya kutoka boksi lilelile. Ikiwa fupi, hata kwa unene wa ukucha, usiipige. Na zile nzima zibadilishe zamu, isiwe moja tu inayoingia kila siku.

Kila mwezi chagua siku, funga mlango, toa watoto, hakikisha bunduki ni tupu, uzitazame zote moja moja: nyufa shingoni mwa ganda, kutu kwenye kitako cha zile za shotigani (shaba yao mara nyingi ni rangi juu ya chuma), kichwa kinachocheza, fataki iliyopinda. Tazama na mtutu ukielekeza kwenye mwanga. Kuna nyigu wa udongo anayependa kujenga humo, na bunduki iliyokaa wiki mbili ukutani inaweza kuwa imezibwa kama chupa.

Ukivuta kifyatulio risasi isilie, usifungue haraka. Shikilia bunduki imeelekea pasipo na mtu kwa dakika nzima, kwa sababu fataki iliyopata unyevu inaweza kuchelewa. Ikilia kwa sauti ndogo ya "puf", hiyo ni mbaya zaidi. Usipige nyingine. Huenda kichwa kimebaki kwenye mtutu. Fungua, toa risasi zote, tazama mwanga toka nyuma.

Zilizokataliwa na ukaguzi usizitupe shimoni, usizichome, wala usizifungue kuona kilichomo. Zihesabu, andika kwenye daftari lako, kisha zipeleke kituo cha polisi unakohuishia leseni. Nenda na leseni, bunduki uiache nyumbani, piga simu kwanza wajue unakuja na nini, na usiondoke kabla askari wa zamu hajaandika idadi kwenye kitabu chake.