SOMO: Mgongo wa kiti cha gari unaojilaza wenyewe. Kufungua, kusafisha na kurudisha ukashika

Wakuu, habari za leo. Naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu huku. Wiki hii nimepigiwa simu nne za swali lile lile: "Fundi, nikiegemea kiti kinarudi nyuma." Somo ni la viti vya mbele vya leva, vya akina Premio, Noah na Probox. Vya umeme vina mambo yake.

Kwanza ujue kinachokushikilia. Ukivua plastiki ya pembeni, pale mgongo unapokutana na kikalio kuna chuma cha duara, bapa kama kopo la dawa ya viatu. Ndani yake kuna gia yenye meno upande wa ndani, na vipande vidogo vya chuma vyenye meno pia. Hivyo ndivyo loki. Ukiachia leva, kamu (kipande cha katikati kinachozunguka) inavisukuma nje vinauma gia. Ukivuta, vinarudi ndani na mgongo unakuwa huru. Ile springi bapa iliyojikunja kama ya saa haifungi chochote, kazi yake ni kuinua mgongo. Watu wanabadilisha springi wakati ugonjwa uko kwenye meno.

Na si kazi ndogo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inataka mgongo wa kiti uhimili msukumo wa kurudi nyuma wa Nm (newton-mita) 530. Chukua nondo ya mita moja, shika ncha moja, mtu wa kilo 54 aning'inie ncha ya pili. Ndiyo hiyo.

1. Chomoa waya hasi wa betri. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti, hiyo ni ya mfuko wa hewa au ya mkanda. Mimi husubiri dakika kumi kabla ya kuigusa, na siwashi swichi mpaka niirudishe.

2. Sogeza kiti nyuma, fungua bolti za mbele. Sogeza mbele, fungua za nyuma. Toyota nyingi ni spana 14.

3. Toa kiti, kilaze kwenye turubai.

4. Vua leva na plastiki. Inua mgongo mpaka mwisho wa mbele ndipo ufungue springi, maana ikiwa imekaza inaruka na kukata mkono.

5. HAPA TULIA. Loki ya kulia na ya kushoto zimeunganishwa na fimbo inayopita ndani ya kiti, yenye michirizi kwenye ncha. Kabla hujaichomoa piga alama ya rangi kwenye fimbo na kwenye loki zote mbili. Mimi sikupiga. Ilikuwa Noah ya mteja, nikarudisha fimbo ikiwa imeruka mchirizi mmoja. Nikavuta leva, nikaachia, nikasikia "kta" upande wa kulia, nikaridhika. Kushoto loki zilikuwa zimeuma kwa ncha tu. Mteja akasafiri kwenda Iringa. Kwenye kupanda Kitonga, uzito wote ukiwa umelalia mgongo wa kiti, ukaachia. Akajikuta anatazama dari, mikono imetoka kwenye usukani. Mdogo wake aliyekaa pembeni ndiye aliyeudaka. Aliponipigia hakufoka. Aliniuliza tu, "Fundi, ulikijaribu?"

Basi jaribu hivi. Plastiki zikiwa bado nje, achia leva uhakikishe loki za pande ZOTE MBILI zimeuma mpaka mwisho. Sukuma kona ya juu kushoto kwa nguvu, halafu ya kulia. Kona moja ikicheza kuliko nyingine, fungua upya. Rudia katika kila hatua ya kulala, maana meno huisha zaidi pale mwenye gari alipozoea kukaa. Usikabidhi gari kabla ya hili.

6. Loki ya duara haifunguliwi, kingo zake zimebanwa kiwandani. Piga brashi kavu kwa nje. Meno yakiisha, badilisha nzima. Grisi nyepesi paka kwenye reli na kwenye ekseli ya leva tu. Grisi nzito inakamata vumbi, loki inachelewa kutoka.

7. Reli nazo zina loki pande mbili. Toa uchafu wote. Nimewahi kukuta sarafu ya shilingi 50 imezuia upande mmoja usifunge. Anza bolti zote nne kwa mkono, ndipo ukaze.

MASWALI

dereva_noah: Mkuu, changu kinalala chenyewe, nifanyeje?
– Hatua ya 5 na ya 6. Soma.

Kijana wa Rombo: Welda wa hapa kwetu anasema anachomelea kwa elfu kumi, yaishe. Unakuza mambo.
– Sikuzi. Moto unalegeza chuma kilichokomazwa kiwandani, na kiti hakitalala wala kuinuka tena. Nimeeleza kisa cha Kitonga, kirudie. Nenda Ilala ukatafute fremu nzima ya mtumba, jaribu loki zake pande zote mbili kabla hujalipa.

Bint Tanga: Kaka, kwa nini viti vya kuzungusha kitufe vinasimama popote, vya leva vinaruka hatua?
– Swali zuri, dada. Leva lazima isimame kwenye jino. Cha kuzungusha kina gia ndogo inayobingirika ndani ya kubwa, tofauti yao jino moja tu, tuseme 32 ndani ya 33. Zungusha kitufe mzunguko mzima, mgongo unasogea jino moja, kama digrii 11. Ukisukuma mgongo, msuguano haukubali kitufe kizunguke. Ndiyo maana usipulizie mafuta mepesi humo. Yanaosha grisi yake na mgongo unaanza kuteleza pole pole.

Bint Tanga: Asante. Na abiria akilala kabisa safarini?
– Mwambie ainuke. Akilala, mkanda wa kiunoni unapanda tumboni, breki ikishikwa anateleza chini yake. Kulala ni gari likiwa limesimama.

mzee_probox: Nyongeza: bolti zirudishe kwenye matundu yake kwa mkono, hazipotei. Na kiti kikiwa nje, inua zulia. Langu nilikuta limelowa upande wa abiria.
– Ahsante mzee wangu. Kama unatumia AC, angalia bomba la kutolea maji chini ya dashibodi upande huo. Likiziba maji yanarudi ndani. Pitisha waya laini taratibu, lisitoboke.