Pampu ya petroli ikianza kuchoka: pima kwanza, nunua baadaye

Gari lilinizimikia mara ya kwanza kwenye mpando wa Riat, ukishatoka Mamboleo unaelekea Kiboswa. Saa nane mchana, jua la Kisumu limeiva, nyuma nimempakia mama na magunia mawili ya mahindi. Nguvu zilipungua polepole, nikashuka hadi gia ya kwanza, halafu kimya. Tulikaa chini ya mti nusu saa, nikapiga stata, likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Siku tatu baadaye, pale pale, mambo yale yale.

Fundi alisikiliza maelezo dakika mbili akasema ni pampu. Duka moja la spea likaniuzia pampu kwa shilingi 4,500, ikafungwa, na wiki iliyofuata nilikuwa tena kando ya barabara Riat. Kasoro ilikuwa soketi ya umeme wa pampu, iliyo chini ya kiti cha nyuma, juu ya tangi ambamo pampu yenyewe hukaa. Pini moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi kama kiberiti kilichokwisha, na plastiki imeyeyuka upande huo. Soketi nyingine na vipande vya waya havikufika shilingi 500. Pampu ya zamani, ambayo pengine ilikuwa nzima, ilishaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tangu hapo nimefungua matangi mengi, ya kwangu na ya madereva wenzangu wa teksi, na ndiyo maana naandika somo hili. Nitatumia mfano wa Toyota Corolla NZE yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo pia kwenye Probox na Fielder nyingi. Gari lako likiwa jingine la petroli lenye injekta, njia ni hiyo hiyo, ila funguo na boliti zitatofautiana.

Dalili

Mara nyingi pampu hukupa taarifa kabla ya kufa. Asubuhi stata inazunguka muda mrefu ndipo injini ishike. Mjini gari linakwenda vizuri lakini mlimani, au ukitaka kulipita lori, halina pumzi. Baadaye linazima kwenye joto na kuwaka likipoa. Ukizima redio unasikia mlio mwembamba kutoka kiti cha nyuma, kama nyuki ndani ya debe.

Shida ni kwamba kichujio kilichoziba au umeme usiofika sawasawa huleta karibu dalili hizo zote. Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, nayo hupenda kufia kwenye joto. Hiyo unaitambua hivi: injini inapozima huku gari bado linaserereka, mshale wa mizunguko huanguka sifuri papo hapo, na ukipiga stata plagi hazitoi cheche. Cheche zikiwepo, endelea na upande wa petroli.

Kupima

Anza na fyuzi ya EFI (mfumo wa injekta) na relei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha. Relei unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye boksi hilo hilo, hakikisha tu namba zilizoandikwa juu zinafanana. Hapo hujatumia hata shilingi.

Sasa jambo ambalo limewafanya watu watupe pampu nzima. Utaambiwa ufungue ufunguo bila kupiga stata, usikilize mlio wa sekunde mbili nyuma, na usipousikia pampu imekufa. Toyota nyingi za rika hili haziko hivyo. Relei yake husubiri stata ipigwe, kisha kompyuta huendelea kuishikilia mradi injini inazunguka. Kimya cha ufunguo peke yake hakikuambii lolote. Mwombe mtu apige stata wewe ukiwa umeweka sikio kwenye kiti cha nyuma.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha volti. Inua kiti, acha tangi likiwa limefungwa, ingiza pini nyembamba nyuma ya soketi ya pampu kwenye zile waya mbili nene (waya nyembamba ni za geji ya petroli). Injini ikiwa inanguruma, pima hapo, kisha pima betri. Betri ikisoma 14 na pampu 13.6, njia ya umeme ni nzuri. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotelea njiani: soketi imeungua, relei imechoka, au boliti ya waya wa eathi imeshika kutu. Isugue kwa msasa, ikaze, upime tena. Gari langu lilikuwa linapoteza karibu volti 3, na hakuna aliyewahi kupima.

Kama unaweza kuazima geji ya presha, 1NZ-FE inatakiwa kusoma kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukizima injini, baada ya dakika tano isiwe imeshuka chini ya kilopaskali 147. Volti zikiwa nzuri na presha ndogo, basi kuna sababu ya kufungua tangi.

Kabla hujashika boliti ya kwanza

Hapa naomba usome polepole. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukatawanyika. Hutambaa chini kama maji hadi ulikute jiko la chai la jirani. Na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kondele saa saba mchana. Vibanda vyetu vingi vya jua kali vinapakana ukuta kwa ukuta na vya kuchomelea vyuma. Fundi akitaka kulifungulia tangi hapo, sukuma gari hadi uwanjani. Asiyetaka kukusubiri, mwache.

Fanya kazi nje, tangi likiwa robo au chini yake, milango yote wazi. Weka karibu kizima moto cha unga au ndoo ya mchanga; maji husambaza petroli inayowaka. Taa iwe tochi ya betri, si bulbu ya waya. Piga picha zako za soketi na mipira mapema, kisha simu ikae mbali.

Toa presha kwanza: injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya pampu, itazima yenyewe, piga stata mara moja zaidi. Ndipo ufungue tamina hasi ya betri.

Kufungua

Vuta ukingo wa mbele wa kiti juu, upande mmoja kisha mwingine, klipu zitaachia. Chini yake kuna kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa lami laini nyeusi. Kibandue taratibu bila kukikunja, maana utakirudisha.

Vumbi la miaka limekaa juu ya pampu. Lifagie kwa brashi ya rangi na ulipanguse kwa kitambaa chenye unyevu mpaka pang'ae, kwani chembe zote utakazoziacha zitaingia tangini. Funika mpira wa petroli kwa kitambaa unapofungua klipu yake. Fungua boliti ndogo kwa mzunguko wa msalaba, au ile pete kubwa ya plastiki kama gari lako ni la pete. Inua pampu huku ukiinamisha, ili mkono wa boya la geji usipindike. Ukipindika, geji itakudanganya siku zote. Ziba shimo mara moja.

Angalia kichujio cha chini. Kikiwa cheusi na kigumu, au kimebanana kama mfuko uliofyonzwa hewa, huenda umempata mwizi, na pampu haina kosa. Niliwahi kuchungulia tangi la Fielder moja nikaona utelezi wa rangi ya kahawa sakafuni na matone ya maji yanateleza juu yake kama zebaki. Hapo usifunge kitu kipya kabla tangi halijasafishwa.

Kununua na kufunga

Kwa mfuko mdogo mimi hununua mota mpya ya pampu peke yake pamoja na kichujio chake, si kopo zima la pampu lililotumika kutoka Japani. Lile lililotumika hujui limekaa kavu rafuni miaka mingapi. Ukilazimika kulinunua, pima ukinzani wa mota: Toyota hutaka kati ya omu 0.2 na 3. Usikubali muuzaji aizungushe kavu kwa betri kukuonyesha kuwa ni nzima, kwa sababu petroli ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Aandike kwenye risiti kwamba utairudisha isipofanya kazi.

Waya za ndani ya tangi zibanwe kwa viungio vya chuma au zitumie soketi iliyokuja na mota. Tepu nyeusi ya umeme isiingie humo, gundi yake huyeyuka. Usigeuze waya, mota itazunguka kinyume, utasikia mlio na presha hutaipata. Mpira mkubwa wa kuzibia uwe mpya, upakaze petroli kidogo ukae vizuri. Kaza boliti kwa msalaba, bila kutumia nguvu nyingi.

Rudisha betri, piga stata mara mbili tatu fupi fupi, injini ikishika angalia kandokando ya pampu kwa dakika kumi. Kiti kirudi mwisho kabisa.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa Ahero:* Mwalimu, pampu yangu ya pili inakufa ndani ya miaka miwili. Natia mafuta ya shilingi 500 kila safari na taa ya petroli haizimi. Inahusiana?

Inahusiana sana, kaka. Mota hupozwa na petroli iliyoizunguka, na ukiendesha taa ikiwaka kila siku, inafanya kazi kwenye joto na inavuta uchafu wa chini. Najua wengi tunabana hadi tarehe 14 tusikie EPRA, mamlaka ya nishati, imetangaza bei gani. Lakini jaribu kutoshuka chini ya robo.

*Mama Saluni, Kakamega:* Fundi amefunga pampu mpya, miezi miwili gari limezima. Kufungua, kile kipande cha mpira cha ndani kimepasuka. Ameniambia ni bahati mbaya.

Pole, mama. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kubeba mafuta ndani, nje yake uwe mkavu. Ukizama tangini huvimba na kupasuka. Unaofaa kuzama huandikwa 30R10 ubavuni. Mwambie autafute huo na klipu mpya, na kazi hiyo asikulipishe tena.

*Kijana wa mtaa wa Shabab, Nakuru:* Nimebadilisha pampu, kichujio, relei. Nikipita Salgaa kupanda Mau Summit gari bado linakata.

Likikata, fungua kofia ya tangi kabla ya kufanya lolote. Ukisikia hewa inafyonzwa ndani kwa nguvu na gari likawaka, kipumulio cha tangi kimeziba, pampu inavuta dhidi ya ombwe. Usiposikia kitu, pima volti ukiwa hapo hapo mlimani, gari likiwa la moto. Nyumbani likiwa limepoa halitakuonyesha.

*Mzee wa Luanda:* Nina pampu nzuri ya gari langu la zamani la kabureta. Itafaa kwenye NZE?

Hapana, mzee wangu. Ya kabureta hutoa psi chache tu, na injekta zinataka zaidi ya 40. Na kwa yeyote anayefikiria kutoa petroli tangini kwa kufyonza kwa mdomo: tone likiingia mapafuni ni hospitali. Tumia pampu ya mkono.

*Dereva wa Nyamasaria:* Mwalimu, langu haliwaki kabisa. Nimepima stata ikipigwa, pampu inapata volti 9.8. Betri ni 12.4. Nikanunue soketi?

Bado. Hiyo 12.4 uliisoma betri ikiwa imetulia. Pima betri stata ikiwa inapigwa.

*Dereva wa Nyamasaria:* 10.3.

Basi tofauti ni nusu volti tu, waya zako ni nzima. Thibitisha plagi zinatoa cheche, sukuma gari hadi uwanjani, fungua uangalie kichujio kwanza.