Mswada umekamilika: mchapishaji au ujichapishe?

Waandishi wenzangu, kabla hujaamua, jiulize kwanza nani atakinunua hicho kitabu. Kama unalenga shule, nenda kwa mchapishaji. Ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au KICD (taasisi ya mitaala) kwa wenzetu wa Kenya, ina mlolongo wake, na wachapishaji wameuzoea.

Ukipewa mkataba, kitafute kifungu cha mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, na ukisome polepole. Asilimia 10 ya nini? Kitabu cha shilingi 15,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Lakini ikiwa ni ya fedha anazopokea mchapishaji, na duka linamlipa 9,000, wewe unabaki na 900. Omba pia kiandikwe kifungu cha haki kurudi kwako iwapo kitabu kitaisha sokoni na mchapishaji hakichapi tena. Watu wengi husahau hili, na inauma sana baadaye.

Kama tayari una wasomaji wako, kanisani, msikitini, kazini au kwenye magrupu ya WhatsApp, jichapishe. Ila usibane fedha ya mhariri, tafadhali. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwambie mpiga chapa akutolee nakala moja ya majaribio: ifungue katikati, ikandamize mezani, uone kama gundi inashika au kurasa zinachomoka. Ikikuridhisha, anza na nakala 100 au 200. Nimeona maboksi ya vitabu yakiliwa na mchwa chini ya kitanda.