Somo: MP, OMP au BP? Pima kwa karatasi kabla ya kuwasha laptopu

Makanga anakurudishia chenji ya 80. Anaanza na kubwa: hamsini, ishirini, kumi. Vitatu. Kumbe angekuwa na zile sarafu za Kenya za shilingi 40 za mwaka 2003, mbili zingetosha. Kueleza sauti kwa vipande vichache ni kazi hiyohiyo. Rundo la vipande tunaliita kamusi, na njia tatu za kuchagua humo ni MP (matching pursuit), OMP (orthogonal matching pursuit) na BP (basis pursuit).

Hatua ya 1. Andika a = (1, 0, 0), b = (0, 1, 0), c = (2/3, 2/3, 1/3). Vyote vina urefu wa 1, la sivyo kirefu kingeshinda kwa ubabe tu. Ishara, yaani sauti tunayotaka kuieleza, ni (1, 1, 0), ambayo ni a + b.

Hatua ya 2. MP, ya Mallat na Zhang, 1993. Zidisha ishara na kila kipande, nafasi kwa nafasi, kisha jumlisha: a inatoa 1, b inatoa 1, c inatoa 4/3. Basi inanyakua c, kipande kisichohitajika! Ondoa 4/3 ya c kwenye ishara; baki ni (1/9, 1/9, −4/9). Inachukua a, kisha b, na baki ni (0, 0, −4/9). Kuanzia hapo, kila duru tatu zinalipunguza hadi 8/9 yake. Endelea kwa mkono ukipenda, mimi nilichoka.

Hatua ya 3. OMP nayo inaanza na c, ila kila ikichagua inakokotoa upya vizigeu vyote, yaani namba zinazozidishwa na vipande. Duru ya tatu c inapata sifuri. Imefika, lakini ukiisimamisha kwenye vipande viwili, jibu si sahihi.

Hatua ya 4. BP hutafuta mchanganyiko unaotoa ishara kamili huku jumla ya ukubwa wa vizigeu ikiwa ndogo kabisa. Nafasi ya tatu ni ya c peke yake, na ishara ina sifuri pale, kwa hiyo c nje. Jibu: a + b.

Maswali

*Mwalimu, basi BP ndiyo bora daima?*
Hapana. Kamusi ikiwa kubwa, BP ni nzito. Tafuta mfanano mkubwa zaidi kati ya vipande viwili (vizidishe kama katika Hatua ya 2, bila kujali alama ya kutoa), uuite m. Vipande vinavyohitajika vikiwa chini ya nusu ya (1 + 1/m), OMP na BP zote zinafika. Hapa m ni 2/3, nusu hiyo ni 1.25, nasi tunahitaji viwili. Ahadi hiyo haikutuhusu, ndiyo maana OMP iliweza kuteleza.

*Nimerekodi nyumbani Umoja, kuna mvumo wa stima.*
Stima yetu ni ya 50 Hz. Ongeza kwenye kamusi sini na kosini za 50, 100 na 150. Zote mbili, ndugu, maana hujui wimbi limeanzia wapi. Kisha usidai usawa kamili: tumia LASSO, ambayo ni kama BP inayovumilia kosa dogo, na FISTA, njia ya 2009 ya kuikokotoa, itakumalizia haraka.

*OMP niisimamishe lini?*
Baki likishuka hadi kiwango cha kelele. Rekodi sekunde chache za kimya kwanza, upime.